Shahada ya Sayansi ya Siasa Inalipa? Maswali ya wanafunzi na wazazi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali hili huibuka kwenye familia nyingi za Nyamagana, Ilemela, Sengerema na Ukerewe: kijana amefaulu HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HGK (historia, jiografia na Kiswahili), anataka kusoma siasa, na mzazi anauliza atakula nini. Majibu ya hapa yanahusu pesa tu: gharama ya kusoma, makato ya mshahara, kazi zinazoitambua shahada hii na mahali waombaji wanapokwama. Kiasi tulichoweka kwenye mifano ni cha kuhesabia. Chukua kalamu uweke cha kwako.

Kwa kifupi, inalipa au hailipi?

Inalipa kwa anayeisoma kwa gharama ndogo, akaiambatanisha na ujuzi ambao mwajiri anautaja kwa jina kwenye tangazo la kazi, na asikae mtaani muda mrefu baada ya kuhitimu. Ikiwa peke yake, bei yake sokoni ni ya chini, na sababu inaeleweka: haina bodi ya taaluma inayolinda kazi zake. Mhasibu, wakili, muuguzi na mhandisi wana kazi ambazo mtu mwingine haruhusiwi kuzifanya. Mhitimu wa siasa hana. Anagombea nafasi ileile na wahitimu wa sosholojia, maendeleo ya jamii, utawala, na mara nyingine sheria.

Miaka mitatu inagharimu kiasi gani?

Tuchukue ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 3,900,000. Chakula na malazi tuhesabu 10,000 kwa siku, siku 240 kwa mwaka: 2,400,000, na kwa miaka mitatu 7,200,000. Vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka, jumla 600,000. Hapo tumefika 11,700,000, bila nauli, bima ya afya, kompyuta na michango midogomidogo ya chuo ambayo haionekani kwenye mstari wa ada. Pakua jedwali zima la malipo la chuo, usitazame ada peke yake. Kuna vyuo vyenye ada ndogo na michango mingi.

Gharama ambayo wazazi wengi hawaihesabu ni kipato ambacho kijana angekuwa anakipata kama asingeenda chuo. Anayefanya kazi ya kupakia na kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, au anayeuza duka la vifaa vya simu Makoroboi, tuseme anabaki na 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 hiyo ni 7,200,000. Pesa hiyo haikutoka mfukoni, lakini haikuingia pia.

Mkopo wa bodi unalipia nini, na siasa ina nafasi gani?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatoa fedha kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo. Fungu la chakula na malazi, yaani lile wanafunzi wanaloliita bumu, lilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Linakuja kwa awamu na mara nyingi wiki za kwanza za muhula unazianza bila hilo, kwa hiyo mwanafunzi anayeripoti bila akiba ya mwezi mmoja huanza na madeni ya mama ntilie.

Bodi hupanga kozi kwa makundi ya kipaumbele. Afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati viko mbele. Sayansi ya jamii iko nyuma. Maana yake ni kwamba unaweza kupata chakula na malazi kamili na ukapewa sehemu tu ya ada. Panga bajeti ya familia ukitegemea hivyo. Ukipewa zaidi, shukuru.

Kinachowanyima watu mkopo ni nyaraka zaidi ya umaskini wenyewe. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Fomu isainiwe na kupigwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji na pia na wakili au hakimu, picha na saini ya mdhamini ziwepo. Anayeanza kuhangaikia RITA wiki ya mwisho ya dirisha la maombi huwa amechelewa tayari.

Nikiajiriwa, mkononi kinabaki kiasi gani?

Hapa ndipo tunapoomba usome taratibu, maana vijana wengi husikia mshahara wa kwenye barua na kupanga maisha kwa huo.

Mfano wa kwanza: mtumishi wa umma, mshahara wa msingi 900,000. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5, yaani 45,000. Kodi ya mapato hukatwa baada ya kuondoa mchango huo, hivyo kinachotozwa kodi ni 855,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, kuanzia 760,001 hadi 1,000,000 kodi ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Hiyo inatoa 68,000 na 23,750, jumla 91,750. Bima ya afya asilimia 3: 27,000. Mkopo wa bodi asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2: 18,000. Makato yote ni 316,750. Kinachobaki ni 583,250.

Mfano wa pili: shirika au kampuni hapa mjini, mshahara 600,000. NSSF asilimia 10: 60,000. Kinachotozwa kodi 540,000. Kwenye daraja hilo kodi ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, yaani 24,000. Mkopo wa bodi 90,000. Unabaki na 426,000, na bima ya afya hujaiweka kama mwajiri haitoi.

Ona kwamba mkopo wa bodi ndiyo kato kubwa kuliko yote kwenye mifano yote miwili, kuliko hata kodi. Ukienda benki kuomba mkopo wa watumishi mwezi wa pili wa kazi, kumbuka utaratibu wa utumishi unaotaka theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki. Bodi imekwisha kuchukua sehemu yake, hivyo nafasi ya kukopa ni finyu kuliko unavyodhani.

Deni la bodi litaisha lini?

Tuseme ulikopeshwa 10,000,000, na gharama ya uendeshaji ya asilimia 1 ikafanya 10,100,000. Kwa makato ya 135,000 kwa mwezi utamaliza kwa takriban miezi 75, miaka sita na ushei. Kwa 90,000 utamaliza kwa miezi 113, zaidi ya miaka tisa. Mshahara ukipanda, asilimia 15 nayo inapanda na muda unapungua.

Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6, iliyokuwa inalifanya deni likue huku unalipa, ilifutwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza hivyo hapahapa Mwanza, Mei Mosi 2021, na ikaanza kutekelezwa Julai mwaka huo. Wanaokumbuka hesabu za kabla ya hapo wakikutisha kwamba deni haliishi, waambie utaratibu umebadilika.

Na nisipopata ajira?

Sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Baada ya hapo unatakiwa kuanza kulipa hata kama umejiajiri, na kiwango cha chini kwa aliyejiajiri ni 100,000 kwa mwezi. Usikae kimya. Ingia kwenye akaunti yako ya bodi, chukua namba ya malipo, lipa unachoweza na utunze risiti. Anayekuja kuajiriwa miaka mitano baadaye akiwa hana kumbukumbu yoyote ya malipo huanza kazi akiwa kwenye orodha ya wadaiwa.

Ni kazi zipi za serikali zinazoitaja shahada hii?

Afisa Tarafa ndiyo iliyo karibu zaidi na ulichosoma. Matangazo yake huruhusu fani za utawala, sheria na sayansi ya jamii. Kisha kuna mtendaji wa kata, maafisa wa tume ya uchaguzi, ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, TAKUKURU, Uhamiaji, Bunge, na Mambo ya Nje kwa waliobobea kwenye uhusiano wa kimataifa. Afisa utumishi na afisa tawala hupatikana pia, lakini hapo tangazo hutaka uwe umesoma rasilimali watu au utawala wa umma, na siyo siasa tupu.

Wahitimu wa shahada kwenye kada hizi kwa kawaida huanzia TGS D, ngazi ya mishahara ya serikali. Kiasi chake hubadilika serikali inapopandisha mishahara, kama ilivyofanya Julai 2025, kima cha chini cha watumishi wa umma kilipotoka 370,000 hadi 500,000. Usitumie majedwali ya zamani yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, na halmashauri za wilaya za Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kila moja ina kata, vijiji au mitaa inayohitaji watendaji. Lakini ajira za shahada zinapitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye mfumo wake wa mtandaoni wa Ajira Portal, na kituo unapangiwa. Aliyezaliwa Igoma anaweza kupelekwa Namtumbo, mkoani Ruvuma. Weka akiba ya nauli, kodi ya nyumba ya miezi mitatu hadi sita ambayo wenye nyumba hutaka mbele, na chakula cha mwezi mzima, kwa sababu mshahara wa kwanza hautoki mpaka cheki namba yako, yaani namba ya mtumishi, ifunguliwe kwenye mfumo wa mishahara.

Mbona naomba kazi kwenye Ajira Portal na siitwi hata kwenye usaili?

Mara nyingi mfumo au mchambuzi amekuondoa kabla hajasoma barua yako. Sababu zinazojirudia ni hizi.

Majina hayafanani. Cheti cha kidato cha nne kinasema jina la baba moja, NIDA inasema jingine, cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo ambalo halipo kwingine. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hili ni la kawaida, maana mtoto huandikishwa shule kwa jina la babu, kisha akaandikwa jina la baba kwenye kitambulisho. Rekebisha NIDA au fanya hati ya kubadili jina mapema, kabla tangazo halijatoka. Kiapo cha dharura cha siku ya usaili mara nyingi hukataliwa.

Umepandisha matokeo ya muda au hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Matangazo husema wazi kwamba hati hizo hazipokelewi.

Barua haina saini, au imeelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri badala ya Katibu wa Sekretarieti ya Ajira. Iandike, isaini kwa mkono, iskani, ndipo uipandishe.

Umejaza fani yako vibaya. Kwenye mfumo unachagua jina la kozi kutoka orodha. Aliyesoma sayansi ya siasa na utawala wa umma akachagua "sayansi ya siasa" tu, anajinyima kazi zote zinazotafuta utawala wa umma. Jina lililo kwenye cheti ndilo uchague, neno kwa neno.

Na umri: matangazo mengi huweka ukomo wa miaka 45 kwa wasio watumishi.

Usaili wenyewe ukoje?

Kwanza mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana; kazi nyingine huwa na vitendo katikati. Nadharia za siasa ulizosoma mwaka wa pili hazitakusaidia sana. Soma Katiba ya 1977, hasa sura zinazohusu mihimili na serikali za mitaa. Sheria za serikali za mitaa za 1982, yaani Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Na mzunguko wa bajeti kuanzia kijiji kinapoibua mipango yake kwa njia ya fursa na vikwazo hadi baraza la madiwani. Ukiulizwa mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka gani na halmashauri ya kijiji inaishia wapi, jibu kwa kifungu. Msailiwa anayejibu kwa kutoa maoni yake kuhusu hali ya siasa hujiangusha.

Ukifaulu lakini nafasi zikaisha, jina lako hubaki kwenye kanzidata kwa muda na unaweza kupangiwa bila usaili mwingine. Kwa hiyo simu na barua pepe uliyoandika iendelee kuwa hewani. Laini ya simu ikifungwa, kazi inaweza kupita.

"Sayansi ya siasa" na "sayansi ya siasa na utawala wa umma" zina tofauti ya pesa?

Ndiyo, kubwa. Maneno matatu ya mwisho ya jina la shahada yanafungua kada za utawala. Kama bado hujajaza maombi ya chuo, chagua yenye utawala wa umma, kama inavyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama umeshaanza ile nyingine, tumia masomo ya hiari kuchukua rasilimali watu, fedha za umma na sheria ya utawala, ili angalau yaonekane kwenye hati ya matokeo.

Mashirika na kampuni za huku kwetu zinaajiri?

Zinaajiri, kwa mikataba ya mwaka mmoja au ya mradi, na haziajiri jina la shahada. Migodi ya dhahabu ya Geita, Kahama na Tarime ina idara za mahusiano na jamii. Baada ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mwenye leseni anapaswa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mtu anayejua jinsi vikao vya halmashauri vinavyokwenda, nani anasaini, na kwa nini mradi wa zahanati umekwama kwenye kamati ya fedha, ana thamani ya kweli hapo. Mahali pa kujifunza hayo ni ofisi ya kata wakati wa mafunzo kwa vitendo. Usiyafanye kwa kupiga muhuri tu.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyojaa Capri Point, Isamilo na Nyamanoro yanahitaji watu wa ufuatiliaji na tathmini. Anayeweza kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, akasafisha data kwenye Excel na kuandika ripoti ya kurasa kumi isiyo na makosa huitwa tena. Taasisi za Afrika Mashariki ziko karibu nasi, tume ya Bonde la Ziwa Victoria ikiwa Kisumu na taasisi ya uvuvi ikiwa Jinja, ila nafasi zao za kitaaluma mara nyingi hutaka uzoefu wa miaka kadhaa. Ziweke kwenye mipango ya baadaye.

Nimepewa kazi ya utafiti kwa siku. Nijue vipi kama malipo yanafaa?

Hapa vijana wanaibiwa na hesabu zao wenyewe. Tuseme umepewa mkataba wa 1,500,000 kwa siku 12 za kukusanya data kwenye mialo ya Ukerewe na Buchosa. Ukigawa haraka unaona 125,000 kwa siku na unafurahi.

Sasa hesabu ipasavyo. Mlipaji atazuia kodi ya asilimia 5, yaani 75,000, na akupe cheti cha zuio. Kidai, maana bila hicho huwezi kuonyesha TRA kwamba ulishalipa. Inabaki 1,425,000. Meli ya Nansio, mitumbwi, bodaboda, gesti, chakula na vocha: tuweke 400,000 kama mkataba hautaji nani analipa. Inabaki 1,025,000. Siku nazo si 12. Vibali vinakula siku mbili, kwa sababu barua huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na kwa mkurugenzi, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwaloni kabisa kwa kikundi cha usimamizi wa uvuvi. Kusafisha data na ripoti ni siku nne. Jumla siku 18. Umelipwa takriban 57,000 kwa siku.

Huenda bado inafaa. Lakini sasa unajua cha kujadili: usafiri ulipwe kando, siku za vibali zilipwe, na theluthi ya malipo itolewe kabla ya kuondoka. Fungua TIN mapema, haina malipo.

Baada ya muda gani nitakuwa nimerudisha gharama?

Tumia mifano yetu. Tuseme mkopo wa bodi ulibeba 10,000,000 na unaulipa kupitia makato, kwa hiyo tusiuhesabu mara mbili. Familia ilitoa 1,700,000 na kijana aliacha kipato cha 7,200,000. Jumla 8,900,000. Akipata ile kazi inayobakisha 426,000, amemzidi mwenzake wa Mwaloni kwa 226,000 kila mwezi, na atarudisha gharama kwa kama miezi 40. Akipata ile ya 583,250, ni miezi 24 hivi.

Lakini akikaa miaka miwili mtaani bila kipato, gharama inaongezeka 4,800,000 na kufika 13,700,000. Kwa mshahara uleule wa 426,000 sasa anahitaji miezi 61. Kusubiri kumekula zaidi ya ada yote ya miaka mitatu. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba miezi sita ya mwisho chuoni ni ya kutafuta kazi na kunyoosha nyaraka. Anayengoja mahafali ndipo aanze, ameshapoteza nusu mwaka.

Nataka kugombea udiwani au ubunge. Si ndiyo njia ya kupata fedha kwa shahada hii?

Shahada haihitajiki. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama. Kwa hiyo unashindana na mfanyabiashara wa samaki mwenye mtaji na mtandao wa miaka ishirini, na darasa halikupi nafuu yoyote kisheria. Kura za maoni zina gharama ya usafiri, vikao na mawakala. Tunaheshimu sana anayetaka kutumikia watu wake, ila asiweke ubunge kwenye safu ya mapato. Vivyo hivyo kwa ukuu wa wilaya: ni uteuzi, hauna fomu ya kuomba.

Kazi za muda za uchaguzi na uandikishaji zipo na zinalipa posho. Ziombe, lakini ni za siku chache.

Naweza kufundisha?

Si moja kwa moja. Utahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu, mwaka mmoja zaidi, na matangazo ya ualimu hutaka masomo mahususi ya kufundishia. Kama ualimu ndio unaoutaka, soma shahada ya ualimu tangu mwanzo.

Mtoto wangu ana alama nzuri za HGL. Si bora asome sheria?

Mzazi mwenzetu, sheria ina ulinzi wa taaluma na hilo ni jambo kubwa. Lakini hesabu muda wote: shahada, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), kisha kusajiliwa, kisha miaka ya mwanzo kwenye ofisi ya wakili ambako malipo huwa madogo. Kama familia inaweza kumbeba kwa kipindi hicho chote, na mtoto mwenyewe anapenda kusoma vifungu, sheria ina kipato kizuri zaidi baadaye. Kama haiwezi, siasa na utawala wa umma ni miaka mitatu na inaingia kwenye ushindani wa ajira mapema. Vyote viwili havimfai mtoto asiyependa kusoma na kuandika, hata awe na alama gani.

Nisome Mwanza au niende Dar na Dodoma?

Angalia kwanza mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika ujue nani anatoa kozi gani na kwa sifa zipi. Kiwango cha kawaida kwa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kusoma ukiwa unalala nyumbani Nyegezi, Mkolani au Buhongwa na kwenda kwa daladala kunaokoa sehemu kubwa ya ile 7,200,000 ya chakula na malazi. Kama chuo cha karibu kinatoa utawala na si siasa, chukua utawala. Umbali wa kilomita elfu moja kwa ajili ya jina la kozi tu haulipi.

Mimi ni mtendaji wa mtaa mwenye astashahada. Nikisoma, mshahara utapanda?

Hautapanda wenyewe. Omba kibali cha masomo kwa mwajiri kabla ya kuanza, kwa maandishi, na hakikisha kozi inalingana na muundo wa kada unayotaka kuhamia. Ukimaliza, unaomba kubadilishiwa kada, na hilo linategemea kama nafasi imewekwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kwenye bajeti. Waliosoma kimyakimya bila kibali hubaki na shahada ukutani na mshahara uleule. Kwa aliye kazini, Chuo Kikuu Huria, chenye kituo cha mkoa Mwanza, ndicho chenye unafuu zaidi, kwa sababu mshahara hausimami. Kwa upande wa fedha, wewe uko kwenye nafasi nzuri kuliko kijana wa kidato cha sita.

Niendelee na shahada ya uzamili nikiwa sina kazi?

Hapana, isipokuwa umepata ufadhili kamili. Kwenye nafasi za kuingilia, tangazo linaomba shahada ya kwanza, na uzamili hauongezi ngazi ya mshahara unapoanza.

Nimehitimu, niko mtaani mwaka wa pili. Nianzie wapi wiki hii?

Nyaraka kwanza: linganisha majina kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, kisha fungua upya akaunti ya Ajira Portal na uikamilishe hadi mwisho. Pili, nenda ofisi ya kata uliko, ukiwa na barua, uombe kujitolea kwa siku mbili au tatu za wiki ukiandika mihtasari ya vikao na kutunza rejesta. Omba barua ya utambulisho ya kazi hiyo kila baada ya miezi mitatu. Siku zinazobaki fanya kazi yoyote ya kuingiza pesa.

Tatu, tafuta wenzako mfike watano mkaulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 4 ni za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu. Mtahitaji katiba ya kikundi, akaunti ya benki, andiko la mradi na kusajiliwa kwenye mfumo. Maandiko mengi hukataliwa kwa kuwa bei za vifaa hazina ankara za wauzaji na makadirio ya mapato hayana msingi. Kuandika andiko linalosimama ni kazi uliyosomea. Vikundi vingine vya mtaa wako vinaihitaji pia na viko tayari kuilipia, kwa hiyo kubalianeni bei na siku ya kukabidhi kabla hujaanza.